Beki wa hoki anayechelewa kuiva: asubiriwe au aachwe?

SWALI: Naishi Edmonton na ni shabiki wa Oilers, timu yetu ya hoki ya barafu. Nyumbani kwetu ubishi haujaisha tangu Agosti 2024, timu ilipomwacha beki wake Philip Broberg aende timu ya St. Louis. Miaka mitano tuliambiwa tumsubiri, tukamwona akipandishwa na kushushwa, na alipohama tu aking'aa. Shemeji yangu anasema beki aliyefika miaka 21 au 22 bila kushika namba ameshajieleza, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi namjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Sasa kila kijana anayechelewa kwenye timu ndogo, tunaanza upya. Mtu atajuaje kwamba beki huyu amechelewa tu, na yule hatafika kabisa?

JIBU: Dada, kwenye suala la umri niko upande wako. Miaka 21 au 22 ni mapema mno kumfungia beki faili. Ila kwenye suala la subira shemeji ana hoja, kwa sababu kusubiri peke yake hakumfundishi mtu kazi. Kuna mabeki waliosubiriwa mpaka wakaiva, na kuna waliosubiriwa wakaozea hapohapo. Cha kupima ni mambo mawili: kijana amechelewa katika nini hasa, na timu imemwekea njia gani ya kupita.

Tuanze na sababu ya mabeki kuchelewa, maana wengi wetu tulizoea soka, ambako kijana wa miaka 19 akiwa bado hajapata nafasi tunaanza kunong'ona. Katika hoki ya barafu, drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, inawachagua vijana wa miaka 18, na timu 32 za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, zinabashiri mtu atakuwaje akifika 24 au 25. Siku ya mechi timu inavalisha mabeki sita tu, jozi tatu. Mshambuliaji chipukizi unaweza kumpa dakika nane kwenye safu ya nne. Akipoteza kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, karibu na goli la wapinzani, nyuma yake kuna wenzake wa kuziba. Beki akikosea, aliyebaki nyuma yake ni kipa peke yake. Ndiyo maana kocha anayepigania kazi yake hukwepa kumweka kijana pale, hata kama anamkubali. Halafu kuna mwili. Beki wa miaka 20 anatakiwa kumwondoa mbele ya goli mwanamume wa miaka 29 mwenye kilo 100. Nguvu hizo zinakuja na miaka.

Utasema wapo waliofika mapema, na ni kweli. Moritz Seider alichaguliwa wa sita mwaka 2019, nafasi mbili kabla ya Broberg, na mwaka 2022 akachukua tuzo ya Calder ya mchezaji bora chipukizi. Lakini hata Seider alipita kwanza kwenye timu ndogo ya Grand Rapids na msimu mzima Sweden. Victor Hedman alichaguliwa wa pili mwaka 2009, na tuzo ya Norris, ile ya beki bora wa msimu, aliipata mwaka 2018 akiwa na miaka 27. Duncan Keith, uliyemwona mwenyewe akimalizia hoki yake hapo Edmonton msimu wa 2021–22, alikaa misimu miwili mizima Norfolk kwenye AHL, ligi ya timu ndogo za NHL, kabla Chicago hawajampandisha mwaka 2005. Akatoka na makombe matatu ya Stanley, lile la ubingwa wa NHL, na tuzo mbili za Norris.

Drafti ya 2012 ndiyo ningemwonyesha shemeji kwanza. Mwaka ule, kati ya wachezaji kumi wa mwanzo, wanane walikuwa mabeki. Wanane! Timu zilikuwa zimewatazama vijana hawa kwa miaka, zimewapima na kuwahoji. Morgan Rielly, Hampus Lindholm na Jacob Trouba wakawa mabeki wa kutegemewa kwa miaka mingi. Derrick Pouliot, aliyekuwa wa nane, na Slater Koekkoek, wa kumi, walihamahama bila kupata makao ya kudumu. Jaccob Slavin alichaguliwa wa 120, na leo makocha wengi wanamhesabu miongoni mwa mabeki wazuri zaidi wa kuzuia duniani. Wa 86 alikuwa Colton Parayko, kijana wa St. Albert, mji ulio jirani yako kabisa. Huyu alikuwa mdogo wa umbo alipokuwa tineja, akarefuka baadaye, akaenda kucheza chuo kikuu Alaska miaka mitatu, akaingia NHL mwaka 2015, na mwaka 2019 akanyanyua kombe na St. Louis. Angehukumiwa kwa kipimo cha shemeji, angekwisha achwa kitambo.

Katika drafti hiyohiyo, wa nne alikuwa Griffin Reinhart, na jina hili mashabiki wa Edmonton mnalijua kwa uchungu. Urefu alikuwa nao, mwili alikuwa nao, na akiwa na Oil Kings, timu ya vijana ya Edmonton, alitwaa kombe la Memorial la vijana mwaka 2014. New York Islanders walimchagua, naye akachelewa. Mwaka 2015 Oilers wakasema huyu amechelewa tu, ataiva, wakatoa chaguo lao la 16 na la 33 kwenye drafti ili wampate. Chaguo la 16 likawa Mathew Barzal, aliyechukua Calder mwaka 2018. Reinhart alimaliza na mechi 37 tu za NHL katika maisha yake.

Kwa nini Parayko alifika na Reinhart hakufika, wakati wote wawili ni warefu, wote wa mwaka mmoja, wote wamecheza hoki ya ujana Alberta? Miguu. Reinhart alisoma mchezo vizuri katika ligi ya vijana, lakini hakuwa mwepesi wa kugeuka, na katika NHL mshambuliaji hakusubiri ugeuke. Beki anarudi kinyumenyume, mpinzani anambadilishia upande, na anatakiwa kufungua nyonga, ageuke, na akimbie mbele bila kupoteza mwendo. Akichelewa nusu ya sekunde ameshaachwa. Katika ligi ya vijana urefu wa mikono na gongo unafidia nusu sekunde hiyo. Kwa watu wazima haufidii. Parayko, pamoja na urefu wake wa karibu mita mbili, anateleza kama mtu mdogo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa beki aliyechelewa ni hilo. Nguvu ataongeza. Kukaa sehemu sahihi atafundishwa, kupunguza umbali kati yake na mshambuliaji anayemjia atafundishwa, na shuti litakuwa kali zaidi. Miguu nayo inaweza kunyooshwa, lakini kwa kiasi. Sijaona wengi waliokuwa wazito wa kugeuka wakiwa na 18 wakawa wepesi wakiwa na 24. Beki aliyechelewa akiwa na miguu mizuri mimi namsubiri. Aliyechelewa kwa sababu ya miguu, naanza kumuunga mkono shemeji.

Swali la pili ni macho, na hapa nataka ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo mashabiki wengi wanapopitwa. Chukua tukio moja linalotokea mara nyingi katika kila mechi. Wapinzani wamefika mstari wa kati, wanatupa kisahani ndani kabisa, kinagonga mbao na kuzunguka kuelekea kona. Beki wetu anageuka kukifuata. Sasa uso wake unatazama ukuta na mgongo umewaelekea wapinzani, na nyuma yake kuna mtu anakuja kwa kasi zote kumbamiza. Mwangalie shingo. Beki mzuri anatupa jicho juu ya bega kabla hajafika, na mara nyingi anatupa tena upande wa pili. Kwa kutazama huko mara mbili ameshajua mambo matatu: anayemfukuza anatokea bega lipi, beki mwenzake amesimama wapi, na winga wake ameshashuka pembeni au bado. Anapofika kwenye kisahani hana cha kufikiria tena. Anajifanya anaenda kushoto, mpinzani analalia upande huo, kisahani kinapita nyuma ya goli kwenda kwa mwenzake, na timu imetoka. Umati haushangilii, na kwenye takwimu za gazeti hakuna kitu.

Yule ambaye hajaiva anafika kwanza, ndipo anainua kichwa. Kwa wakati huo ameshakandamizwa kwenye kioo, au amekipiga kisahani ovyo kikaishia kwa mpinzani kwenye mstari wa buluu, ule unaofunga eneo letu la kujihami, na timu inakaa inajihami sekunde arobaini nyingine. Kijana wa namna hii anaweza kuwa na pointi nyingi AHL, na watu wakauliza mbona hapandishwi. Hapandishwi kwa sababu kocha anaona ile kona.

Kwa wanaotoka Ulaya kuna kitu cha kuongeza. Viwanja vingi vya Sweden vimejengwa kwa upana wa mita 30, vya NHL ni kama mita 26. Mita nne zinaonekana chache, lakini zinabadilisha pembe zote: kona iko karibu zaidi, mtu anakufikia upesi zaidi, na pasi uliyokuwa na nafasi ya kuipiga huko Skellefteå, Sweden, inakatwa. Beki kutoka huko akisuasua msimu wa kwanza, usimhesabie. Anajifunza upya saa yake ya ndani. Akikosea kosa lilelile msimu wa tatu, hapo mhesabie.

Sasa tuje kwa Broberg wenu, maana naamini ndipo penye jibu la ubishi wa nyumbani kwako. Alichaguliwa wa nane mwaka 2019, akabaki Skellefteå misimu miwili, akavuka bahari mwaka 2021. Msimu wa kwanza alicheza mechi 23 za NHL, wa pili 46, wa tatu 12. Tazama namba hizo. Kijana alikuwa anapanda, halafu akaporomoka. Shemeji akiziona atasema kiwango kimeshuka. Lakini miguu yake ilikuwa ileile, na kila mtu aliyemwona alikubali kwamba miguu anayo.

Kilichotokea ni hiki. Februari 2023 Oilers walimleta Mattias Ekholm kutoka Nashville. Ulikuwa usajili mzuri sana, sina neno juu yake. Ekholm ni beki wa kushoto. Broberg ni beki wa kushoto. Kushoto kulikuwa tayari na Darnell Nurse mwenye mkataba mrefu, na Brett Kulak. Mlango ukajifunga. Kijana akarudishwa Bakersfield, timu ndogo ya Oilers, au akaitwa na kukaa jukwaani akitazama, au akawekwa upande wa kulia ambao si wake, kwa dakika chache, na watu wakamhukumu kwa dakika hizo.

Na usajili huohuo ndio uliomfungulia njia Evan Bouchard. Katika kumpata Ekholm, Oilers walimtoa Tyson Barrie, aliyekuwa akiongoza mashambulizi wakati wapinzani wamepungukiwa mtu kwa adhabu. Nafasi ile ikabaki wazi, akapewa Bouchard. Naye, kumbuka, alikuwa ameitwa mchelewaji kabla ya Broberg: alichaguliwa wa kumi mwaka 2018, akarudishwa kwa vijana, akapelekwa Bakersfield, akaazimwa Sweden, na msimu wa 2020–21 akacheza mechi 14 tu za NHL huku mengine yote akiyatazama kutoka juu. Baada ya mlango kufunguka, alipata pointi 17 katika mechi 12 za mtoano mwaka 2023, na msimu uliofuata pointi 82 katika mechi 81. Mabeki wawili wa timu moja, wote waliochaguliwa ndani ya kumi bora, wote wamechelewa. Siku moja ya usajili ikampa mmoja kazi na kumnyima mwingine.

Ndiyo maana nakwambia kuchelewa hakuko ndani ya mchezaji peke yake. Wakati wa mtoano wa 2024 Broberg aliingizwa kikosini wakati hali imekuwa ngumu, akacheza mpaka mechi ya saba ya fainali dhidi ya Florida, na hakuonekana mgeni hata kidogo. St. Louis waliona. Tarehe 13 Agosti wakampa ofa ya miaka miwili, takribani dola milioni 4.58 kwa mwaka. Kanuni inaipa timu yake siku saba za kulingana na ofa au kumwachia. Oilers, wakiwa wamebanwa na ukomo wa mishahara, wakamwachia, wakapata chaguo la raundi ya pili. Msimu uliofuata alicheza mechi 68, akapata pointi 29, na dakika zake za kila usiku zikawa za beki wa juu. Hakubadilika kuwa mtu mwingine katika miezi miwili ya kiangazi. Alipewa upande wake wa kushoto, mwenzake wa kudumu, na ruhusa ya kukosea bila kutolewa siku inayofuata.

Mfano wa Thomas Hickey unaenda njia hiyohiyo, ingawa kwa kimya. Los Angeles walimchagua wa nne mwaka 2007, mapema kuliko wengi walivyotarajia, na hakuwahi kuwachezea hata mechi moja ya NHL. Miaka ikaisha akiwa Manchester, ile ya Marekani, na timu yao ndogo. Januari 2013 walipojaribu kumshusha tena ilibidi waipe kila timu nafasi ya kumchukua bure, na Islanders wakamchukua. Alicheza huko mechi zaidi ya 400. Hakuwa nyota. Alikuwa beki wa jozi ya pili au ya tatu aliyefanya kazi yake.

Na hapa nadhani wewe na shemeji mnabishana vitu viwili tofauti bila kujua. Ukisema kijana atafika, una maana atakuwa Bouchard, au una maana atakuwa Hickey? Mechi 400 za NHL ni mafanikio makubwa kwa mtu yeyote, lakini aliyechaguliwa wa nne tunamwita aliyeshindwa kwa sababu tulimtarajia mwingine. Kwa mabeki waliochelewa, matokeo ya kawaida zaidi ni hayo ya Hickey.

Nakuomba pia usimwekee shemeji jina la Mark Giordano mezani kama ushahidi. Najua linavutia: hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, alikwenda mpaka Moscow kucheza, akarudi Calgary, na akachukua Norris mwaka 2019 akiwa na miaka 35. Zdeno Chara naye Islanders walimwachia aende Ottawa mwaka 2001, akaja kuwa nahodha wa Boston aliyenyanyua kombe mwaka 2011, na hakuna beki aliyecheza mechi nyingi za NHL kumzidi. Tunawajua kwa sababu walifika. Mabeki waliosubiri vilevile, wakajituma vilevile, na wakaishia AHL mpaka magoti yakachoka, hatuna majina yao kichwani. Ukipima kwa waliofika tu, kila kusubiri kutaonekana kuna busara.

Msimamo wangu basi ni huu. Beki wa miaka 20 mpaka 22 mwenye miguu mizuri, anayecheza dakika nyingi AHL, sina wasiwasi naye hata kidogo. Akifika 23, nataka kuona kocha wa timu ndogo anamtuma barafuni wakati timu inaongoza kwa bao moja na zimebaki dakika mbili. Kama pale bado anafichwa, shida ipo. Akifika 24 au 25 hajapata mechi 40 au 50 mfululizo za NHL, naangalia sababu. Kama waliomzuia ni Nurse na Ekholm, ningemtafutia timu nyingine haraka kabla hajashuka thamani. Kama aliyemzuia ni yeye mwenyewe kwenye kona, namkubalia shemeji. Jeff Petry aliondoka Edmonton Machi 2015 akiwa na miaka 27 kwenda Montreal, na miaka yake mizuri kuliko yote ilikuwa mbele. Hata 27 basi si mwisho kwa mwenye miguu na macho.

Mechi za Bakersfield zinapatikana mtandaoni kwa kulipia. Mchague kijana mmoja mnayebishana juu yake, na kwa kipindi kimoja kizima wewe na shemeji msifuate kisahani, mfuateni yeye tu, hata akiwa benchi. Hesabuni mara ngapi ametazama juu ya bega kabla ya kukifikia kisahani kwenye kona. Angalieni jinsi anavyogeuka upande wake dhaifu, maana kila beki anao. Akipoteza kisahani, mwangalieni zamu inayofuata: anaomba pasi tena, au anakipiga pembeni kukitoa mikononi mwake? Fanyeni hivyo Oktoba, kisha mrudie Februari na mchezaji huyohuyo, mkiwa na karatasi ya kwanza mkononi.